Uchafu au Rutuba? Historia ya Maarifa kuhusu Urutubikaji wa Maziwa ya Kina Kifupi na Nafasi ya Kiswahili katika Bonde la Nakivale, Uganda

1.0 Utangulizi

Ziwa Nakivale, ambalo katika baadhi ya ramani huandikwa Nakivali, liko katika wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa jiji la Mbarara, Uganda. Ni ziwa dogo lenye eneo la takriban kilomita za mraba 26, na kina chake ni cha mita chache tu. Kando yake yapo makazi ya wakimbizi yanayobeba jina hilohilo, yenye zaidi ya watu 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Ziwa hili ni kisima chao, bwawa lao la samaki na mahali pa kunyweshea mifugo. Maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka humo husafishwa kwa shabu na klorini kisha husambazwa kwa wakimbizi na kwa wenyeji wao.

Makala haya yanajadili namna maarifa kuhusu urutubikaji wa maziwa ya kina kifupi yalivyokua, namna yalivyopita karibu na Nakivale, na lugha yaliyopita nayo. Urutubikaji hapa una maana ya hali ya ziwa kupokea virutubisho vya mimea, hasa fosforasi na naitrojeni, kwa kiwango kinachozidi uwezo wake. Hoja inayojengwa ni kwamba maarifa hayo hayakukosekana, kwa kuwa sehemu muhimu ilipatikana Uganda kwenyewe. Kilichokosekana ni istilahi ambayo mkulima, mvuvi na mchota maji wangeweza kuitumia. Neno lililozoeleka, yaani uchafuzi, limeficha chanzo cha tatizo, limeelekeza lawama mahali pasipostahili kuibeba peke yake, na limependekeza tiba isiyotosha.

2.0 Ziwa, Mto na Makazi

Nakivale haliwezi kuelezwa bila Mto Rwizi. Mto huu huanzia katika milima ya kusini-magharibi, ikiwemo ya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, kisha huingia katika mfumo wa vinamasi na maziwa madogo ambao Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola ni sehemu yake. Kutoka hapo maji huelekea Ziwa Victoria. Nakivale limeunganishwa na Rwizi kupitia vinamasi vya mafunjo na matete. Kwa hiyo linapokea maji ya vilima vinavyolizunguka, na hali yake inafungamana na bonde zima la juu, lenye mashamba ya migomba, malisho ya ng'ombe, machimbo ya mchanga na udongo wa matofali, pamoja na mji ambao mwaka 2020 ulipandishwa hadhi kuwa jiji.

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walipokuwa wakiingia Ankole. Sera ya Uganda tangu hapo haikuwa ya kuwafungia wakimbizi ndani ya uzio, bali ya kuwagawia kipande cha ardhi ili wajenge na kulima. Sera hii imesifiwa kimataifa, na kwa haki. Hata hivyo, kila wimbi jipya la wakimbizi lilimaanisha mgawanyo mpya wa ardhi, vipande vidogo zaidi, na mashamba yaliyosogea karibu zaidi na vinamasi. Wenyeji nao waliongezeka na kulima maeneo yaliyokuwa malisho. Historia ya ziwa hili, kwa hiyo, ni historia ya ardhi inayolizunguka.

3.0 Maarifa Yalivyokua

3.1 Asili ya istilahi

Istilahi ambayo wanasayansi wa Ulaya waliichagua kwa hali hii inatokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni "kulishwa vizuri". Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, C. A. Weber, aliitumia mwaka 1907 kuelezea ardhi ya mboji yenye rutuba. Mwaka 1919 Msweden Einar Naumann aliihamishia kwenye maziwa. Wakati huo haikuwa na maana ya uharibifu, kwani ilitofautisha tu ziwa lenye lishe nyingi na lenye lishe haba.

Maana ya tishio iliongezeka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati maziwa ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini yalipoanza kuwa ya kijani kutokana na majitaka, sabuni zenye fosfeti na mbolea za viwandani. Ripoti ya Richard Vollenweider ya mwaka 1968, iliyoandikwa kwa ajili ya jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya OECD, ilihusisha wingi wa mwani na kiasi cha fosforasi na naitrojeni kinachoingia ziwani. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake nchini Kanada waligawanya ziwa dogo kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na naitrojeni, lakini upande mmoja uliongezewa fosforasi. Upande huo ndio uliogeuka kijani.

3.2 Kasenyi, Ziwa George

Uganda haikuwa mtazamaji katika historia hii. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja mwaka 1947. Kati ya 1966 na 1972, chini ya Programu ya Kimataifa ya Biolojia, watafiti walikaa Kasenyi, pwani ya Ziwa George, wakilichunguza ziwa ambalo kina chake cha wastani ni mita 2.4. Matokeo yao yana mambo matatu yanayoihusu Nakivale moja kwa moja.

Kwanza, walikuta ziwa lililo kijani mwaka mzima, likitawaliwa na sayanobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea. Kwa hiyo rangi ya kijani peke yake si ushahidi kwamba mtu amelichafua ziwa. Pili, katika ziwa la kina kifupi, maji huchanganyika hadi chini mara kwa mara, na virutubisho huzunguka upya mara nyingi kati ya mashapo, mwani na wanyama. Viboko waliolisha nchi kavu usiku na kurudi majini mchana walikuwa njia mojawapo ya kuhamisha rutuba ya nyasi kuingia ziwani. Tatu, Moriarty (1973) alionyesha kwamba sato wa ziwa hilo waliweza kuwameng'enya sayanobakteria hao kwa msaada wa asidi kali ya tumboni. Ziwa la kijani lilikuwa pia ziwa la samaki.

Kutokana na mambo hayo, suala si kuwepo kwa rutuba ziwani. Suala ni kiasi, kasi na mahali inapotoka.

3.3 Ziwa Victoria na maziwa yasiyopona haraka

Kazi ya Robert Hecky ya mwaka 1993 ililinganisha Ziwa Victoria na vipimo vilivyochukuliwa na Jack Talling mwaka 1960 na 1961, na kubaini kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban mara mbili huku maji ya chini yakipoteza oksijeni. Verschuren na wenzake (2002), wakisoma matabaka ya mashapo, walionyesha kuwa mabadiliko hayo yalianza tangu miaka ya 1930 na yalikwenda sambamba na ongezeko la watu na kilimo katika bonde.

Wakati huohuo, watafiti wa Uholanzi walikuwa wakikabiliwa na fumbo jingine. Katika Veluwemeer, ziwa la kina kifupi, fosforasi kutoka kwenye majitaka ilipunguzwa mwaka 1979, lakini maji yalibaki machafuko kwa zaidi ya miaka 10. Marten Scheffer na wenzake (1993) walieleza kwamba ziwa la aina hii linaweza kuwa na hali mbili: hali ya maji maangavu yenye mimea ya chini, na hali ya maji mazito yenye mwani. Kila hali hujilinda. Mashapo yaliyokwisha kushiba fosforasi huendelea kuitoa, samaki wanaochimbua tope huendelea kuitibua, na mimea haipati mwanga wa kurudi. Kwa mshauri wa sera, maana yake ni kwamba kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, na kwamba matokeo ya hatua zinazochukuliwa leo yanaweza kuchelewa kupita muhula wa mradi wowote.

4.0 Njia za Rutuba Kuingia Nakivale

Masomo ya Ulaya hayawezi kupandikizwa Ankole bila marekebisho. Huko, chanzo kikuu kilikuwa mabomba ya majitaka na mbolea za viwandani. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazotumia mbolea za viwandani kwa kiwango cha chini kabisa duniani. Mkulima wa Isingiro, awe mwenyeji au mkimbizi, kwa kawaida analima bila kununua mbolea hizo.

Rutuba inayofika ziwani hutoka kwingine. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, na udongo huondolewa na mvua katika miteremko iliyokatwa miti kwa ajili ya kuni, makaa na mashamba. Samadi ya ng'ombe wanaonywa ufukweni huingia moja kwa moja. Vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu na maji huvuja, hasa kwa upande wa naitrojeni. Majivu na vumbi la moto wa nyika na mashamba huanguka na mvua. Utafiti katika Ziwa Victoria umeonyesha kwamba njia hiyo ya angani si ndogo hata kidogo. Majitaka ya mji nayo hufuata mto. Methali isemayo kwamba maji hufuata mkondo inafaa hapa kwa maana yake ya wazi, kwani kinachotupwa au kumomonyoka juu ya bonde hakipotei.

Hapo zamani vinamasi vya mafunjo vilipokea mzigo huu kwanza. John Gaudet, akifanya kazi katika Ziwa Naivasha nchini Kenya katika miaka ya 1970, alieleza namna kinamasi cha mafunjo kilivyozuia mashapo na virutubisho vilivyoletwa na mito. Kinamasi kinapolimwa, hasara ni mara mbili. Kichujio huondoka, na rutuba iliyohifadhiwa humo kwa miaka mingi huachiliwa.

Jambo muhimu katika maelezo haya ni kwamba rutuba inayolidhuru ziwa ndiyo ileile inayokosekana shambani. Mkulima analalamika kwamba ardhi imechoka. Mchota maji analalamika kwamba maji yamekuwa mazito. Malalamiko haya mawili yanaeleza mwendo mmoja, wa udongo wa juu kuhama kutoka kilimani kwenda ziwani.

5.0 Mwaka 2006 na Hati Tatu

Mgawanyiko wa maarifa haya unaonekana vizuri katika mwaka 2006. Mwaka huo Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Wakimbizi, ambayo ilithibitisha haki za mkimbizi, zikiwemo za kufanya kazi na kutembea. Mwezi Juni mwaka huohuo, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliazimia kuongeza matumizi ya mbolea hadi wastani wa kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Mwezi Septemba, mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivali, wenye ukubwa wa takriban hekta 26,800, uliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, kwa sababu ya ndege wake na samaki ambao katika maziwa makubwa wametoweka.

Hati ya kwanza ilimhusu mtu, ya pili shamba, ya tatu ziwa. Zote tatu zilikuwa sahihi katika uwanja wake. Lakini mkimbizi anayelima kando ya kinamasi cha Nakivale alisimama pale ambapo zote tatu zinakutana. Kwa hati moja alikuwa mtu mwenye haki ya kujitegemea, kwa nyingine mkulima anayehitaji virutubisho zaidi, na kwa nyingine jirani wa eneo lenye hifadhi. Aidha, kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zilikwisha kuweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 au 200 kutoka ufukweni, kutegemea ziwa. Masharti haya yote yaliandikwa kwa Kiingereza, ilhali lugha inayounganisha Mkongo, Mrundi na sehemu kubwa ya soko la makazi ni Kiswahili, na lugha ya mwenyeji ni Runyankole.

Hali hii ina historia ndefu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Maeneo ya Afrika Mashariki iliundwa ili kusanifisha Kiswahili. Mwaka huohuo wanasayansi wa Cambridge walianza safari yao ya utafiti katika maziwa ya eneo hilohilo. Kazi mbili hizo ziliendeshwa katika himaya moja na kwa kipindi kimoja, lakini hazikukutana. Nchini Uganda kwenyewe, pendekezo la Gavana Gowers la mwaka 1927 la kukipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi lilipingwa vikali Buganda, na baadaye lugha hii ikahusishwa na kambi za jeshi. Maarifa ya maziwa yalibaki katika lugha ya maabara.

6.0 Neno, Lawama na Tiba

Neno uchafuzi linatokana na uchafu, na uchafu katika matumizi ya Kiswahili ni kitu kisichotakiwa kinacholetwa na mtu asiye msafi. Kwa hiyo neno hili linapotumiwa kuhusu ziwa, swali la kwanza linaloibuka ni nani mchafu. Katika eneo lenye wenyeji na wageni, jibu hupatikana upesi mno. Anayeonekana ufukweni hulaumiwa, na asiyeonekana, aliye kilomita nyingi juu ya mto au katika mji, husahauliwa.

Athari ya pili inahusu afya. Kila mtu anajua tiba ya maji machafu, nayo ni kuyachuja na kuyachemsha. Ushauri huo ni sahihi kabisa dhidi ya kipindupindu na kuhara. Lakini baadhi ya sayanobakteria hutengeneza sumu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1998 kiwango cha muda cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa kwa aina moja maarufu ya sumu hizo. Okello na wenzake (2010) waliibaini jamii hiyo ya sumu katika maziwa kadhaa ya Uganda, na Ziwa Mburo, ndugu wa Nakivale katika mfumo uleule, lilikuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa. Mama anayechota maji kando ya utando wa kijani na kuyachemsha kwa kuni alizozitafuta kwa shida anafuata ushauri uliotolewa kwa tatizo jingine. Kuni zimeteketea, mlima umebaki wazi zaidi kwa mvua, na sumu, kama imo, bado imo.

Athari ya tatu inahusu mitambo. Maji yenye mwani na tope jingi huhitaji shabu zaidi, huziba vichujio na humaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Gharama hii huonekana kama tatizo la pampu na bajeti, ilhali mizizi yake iko kilimani.

Istilahi urutubikaji, au maelezo mepesi zaidi kama rutuba iliyohama, huelekeza fikra kwingine. Rutuba ni mali. Ikihama, swali si nani mchafu bali imetoka wapi, nani ameipoteza, na itarudishwaje. Mkulima anaweza kulijibu swali hilo kwa maarifa aliyonayo tayari.

7.0 Hatua Zinazowezekana

Mfano wa karibu ni Naivasha, ziwa la maji baridi lenye kina kifupi. Mwishoni mwa miaka ya 2000, watumiaji wa maji walio kando ya ziwa, wakiwemo wakuzaji wa maua, walianza kuchangia mpango wa kuwalipa kwa vocha wakulima wadogo wa juu ya bonde waliopanda kingo za nyasi na miti ili kuzuia udongo. Mpango huo haukutatua matatizo yote ya Naivasha, lakini ulikubali kanuni kwamba aliye chini ana maslahi katika shamba la aliye juu. Katika bonde la Rwizi, ofisi ya kanda ya usimamizi wa maji iko Mbarara, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina uwezo wa kupima. Msingi wa kitaasisi, kwa hiyo, upo.

Hatua nne zinapendekezwa. Ya kwanza ni kuzuia udongo pale ulipo, kwa makinga maji, majani ya matandazo katika migomba na kingo za nyasi ambazo pia ni lishe ya mifugo. Ya pili ni kuacha ukanda wa mafunjo urudi, huku waliokuwa wakiulima wakipewa ardhi mbadala au njia nyingine ya kipato, kwa kuwa amri ya kuondoka isiyo na mbadala huhamisha jembe kwenda kinamasi kinachofuata. Ya tatu ni kujenga mabirika ya kunyweshea ng'ombe mbali na ufukwe, kuweka vyoo mbali na maji, na kusafisha majitaka ya Mbarara kwa kiwango kinachozingatia fosforasi, si harufu na vijidudu tu. Ya nne ni kupima kwa ukawaida na kutangaza matokeo kwa lugha zinazosemwa ufukweni, ikiwemo tahadhari ya kutochota maji penye utando wa kijani.

Hatua ya nne ndiyo ya gharama ndogo zaidi, na ndiyo inayowahusu wanaisimu. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekifanya kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina nafasi ya kuandaa, pamoja na wanasayansi wa maji, orodha fupi ya istilahi za maziwa itakayojaribiwa kwanza miongoni mwa wavuvi na wakulima kabla ya kuchapishwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maarifa ya msingi kuhusu maziwa ya kina kifupi yamekuwepo Uganda tangu kazi ya Kasenyi, na kwamba Nakivale limebaki nje ya maarifa hayo kwa sababu ya mgawanyiko wa sera na wa lugha. Ziwa hili linapokea rutuba ya bonde zima, na mashapo ya ziwa la aina yake yakishashiba huendelea kuirudisha majini kwa miaka mingi. Muda wa kuzuia, kwa hiyo, ni mfupi kuliko muda wa kutibu. Kulieleza tatizo kama rutuba iliyohama hakutapunguza fosforasi hata kidogo peke yake. Kutawawezesha, hata hivyo, mkulima wa kilimani, mkimbizi wa ufukweni, mhandisi wa pampu na diwani wa Mbarara kujadili jambo moja, na kila mmoja kujua sehemu yake ya wajibu.